Niliahidi Kumzungusha Mke Wangu Shelisheli

Ndugu wasomaji, mimi ni mwanamume wa miaka arobaini na minane, mkazi wa hapa Babati mjini, na kabla ya mkasa huu nilikuwa nikijigamba mbele ya watu kwamba duniani hakuna kitu cha kunishangaza. Hakuna! Nilianza maisha kwa kubeba magunia ya watu mgongoni. Shule niliishia darasa la nne. Lakini wakati ninaowasimulia nilikuwa na duka karibu na stendi, nyumba ya bati, Landrova ya pikapu niliyoinunua ikiwa mfu nikaifufua kwa mikono yangu mwenyewe, na ng'ombe kumi na wanne. Nani mwingine aliyetoka kwenye magunia akafika hapo? Mnitajie!

Ilikuwa miaka ile ya shida, mnaikumbuka. Sabuni kwa foleni, sukari kwa kujuana, petroli kwa kibali. Mimi nilipita humo kifua mbele.

Lakini nyumbani kwangu kulikuwa na jambo ambalo ujanja wangu wote haukuliweza. Mtoto wetu wa mwisho, Danieli, alifariki kwa surua. Tangu tulipomzika, mke wangu, Mama Pendo, alinyamaza. Alipika, alifua, alipima chumvi dukani, lakini maneno yalikuwa yamemwisha. Ukimwuliza kitu anakujibu kwa kichwa. Miezi ikapita... Mimi niliyezoea kuongea peke yangu nikaanza kuiogopa sauti yangu.

Dukani tulikuwa na kalenda niliyopewa na mfanyabiashara mmoja wa Arusha. Ilikuwa na picha ya barabara nyembamba ya lami, upande huu milima ya kijani kibichi, upande ule bahari, na mawe makubwa kama tembo waliolala. Chini imeandikwa Shelisheli. Asubuhi moja Mama Pendo alikuwa anafagia, mara akasimama. Akaniuliza, "Baba Pendo, hivi hii barabara inakwenda wapi?"

Wasomaji, jiwe la mizani lilinidondoka mkononi! Nikamjibu, "Sijui. Lakini nitakupeleka ukaone."

Nikamfuata yule mfanyabiashara. Akanieleza kwamba ile ni nchi ya visiwa vitupu. Mtu akifika anakodi gari, anaendesha mwenyewe, anasimama anapotaka, analala panapompendeza. Akaniletea na ramani. Tiketi angetushughulikia yeye, ila nilipe zote mapema. Nikapiga hesabu zangu za kichwa: ng'ombe wanane wanatosha, na chenji itabaki.

Jamani, majuma yale! Jioni tukishafunga duka tunaitandaza ramani mezani. Mwenzangu alisomeshwa na masista, basi yeye ndiye msomaji, mimi ndiye dereva. Barabara tulizipima kwa uzi. Kumbe kile kisiwa kikubwa kuliko vyote, urefu wake ni kama kutoka hapa Babati hadi Dareda tu! Nikasema, "Nchi gani hii? Nitaimaliza kabla injini haijapata moto!" Akasema unga tubebe wa kwetu, kwa sababu samaki wa huko hatujui tabia zao. Mimi nikasema basi na mimi nabeba tairi la akiba na dumu langu la petroli, dereva mzima hatembei mikono mitupu.

Akanitazama. "Utapanda ndege na tairi begani, Baba Pendo?"

Akacheka! Alicheka mpaka akashika meza. Binti yetu Pendo, wakati huo ana miaka kumi na mitano, akatoka jikoni mbio, mwiko mkononi, kuja kuona ni nani anayecheka mle ndani. Kisha mtoto akageuka ukutani akalia.

Sasa niulizeni, mtu mwenye furaha kama hiyo anaweza kufunga mdomo? Mimi sikuweza. Nilikwenda kilabuni nikawatangazia wote kwamba nakwenda kuendesha gari kisiwani.

"Unapeleka mzigo gani?" wakauliza.

"Sipeleki mzigo."

"Aa, unakwenda kuchukua."

"Sichukui kitu. Nazunguka tu na mke wangu, tunatazama, tunarudi."

Mzee mmoja akaweka kibuyu chini akasema, "Gari itembee tupu, kwenda na kurudi? Na petroli hii? Huyu ana jambo." Wengine wakacheka, na mimi nikacheka nao. Nilidhani wananionea wivu!

Hapa lazima niwaeleze habari ya ng'ombe wangu. Sisi watu wa huku hatuweki ng'ombe wote zizi moja, ugonjwa ukija unaondoka nao wote. Unamkabidhi rafiki. Yeye anakunywa maziwa na kuchukua samadi, ndama ni wako. Ng'ombe akifa anakuletea ngozi uione, basi, mambo yameisha. Hakuna karatasi, hakuna sahihi. Wa kwangu wote walikuwa kwa Naman, kule Sigino. Naman nilibeba naye magunia ujanani. Tulikuwa tunalala gunia moja tukijifunika jingine. Kama kuna mtu ningemkabidhi roho yangu, ni yeye.

Nikaenda kwake. Nikamwambia atenge wanane, nataka kuwapeleka mnadani. Hakushtuka hata kidogo. Akasema, "Hakuna shida, Baba Pendo. Wako malishoni mbali, nipe wiki moja." Akanichinjia kuku. Nikala kuku wake, wasomaji! Nikamsifia na mchuzi!

Wiki haikuisha. Ulikuwa ule wakati wa msako wa wahujumu uchumi, yaani walanguzi na waficha bidhaa, na mgambo wakaja dukani kwangu mchana kweupe, watu wamejaa. Wakachukua dumu la petroli, wakachukua masanduku mawili ambayo Mama Pendo alishayapanga, wakachukua ramani yenye mistari yetu ya penseli. Nikawaambia ni ya matembezi. Mkubwa wao akauliza, "Una mgonjwa huko?" Hapana. "Una msiba?" Hapana. "Basi wewe unatoroka!" Na watu niliowatangazia kilabuni wote walikuwa pale, wakaitikia kwa vichwa. Ningemlaumu nani? Nilijishtaki kwa mdomo wangu!

Nikawekwa rumande. Duka likafungwa. Mama Pendo alikuwa akinitembelea kila aliporuhusiwa, na ajabu ni kwamba hakurudi katika ule ukimya wake. Alinitia moyo yeye! Siku moja aliniambia kupitia wavu, "Ramani wamechukua, lakini majina ninayo kichwani." Akaanza kunitajia ghuba moja baada ya nyingine, tutakapopita na tutakapolala. Alikuwa anakohoa. Nikamwuliza, akasema ni vumbi.

Hakuwa ananiambia yaliyokuwa yakitendeka. Nilikuja kuyajua kwa Pendo.

Alikwenda kwa Naman kumwomba ng'ombe mmoja tu auzwe, wapate kula na kunitafutia wakili. Naman akamwambia arudi nyumbani. Kesho yake akaja mwenyewe na punda, akashusha ngozi mlangoni petu. "Shemeji, ugonjwa umepita. Pole sana. Ngozi hizi hapa kama desturi inavyotaka." Akaondoka.

Alisahau kwamba mke wangu ndiye aliyewakamua wale ng'ombe kabla hatujamkabidhi! Mama Pendo alizitandaza uani moja moja. Hakuna hata moja iliyokuwa ya kwetu. Hakukuwa na ile ya mweusi mwenye paji jeupe, wala ya yule wa madoa mgongoni. Zilikuwa ngozi za kuokoteza, nyingine zimeshaliwa na wadudu!

Akazifunga, akajitwisha, akaenda nazo Sigino kwa wazee. Wakamwuliza, mwenye ng'ombe yuko wapi? Nani alitaka kusimama upande wa mke wa mhujumu? Wakamwambia arudi siku nyingine. Akarudi. Wakamwambia tena siku nyingine. Na ilikuwa masika, wasomaji, mvua haikatiki, mama wa watu yuko njiani na mzigo wa ngozi zilizolowa maji kichwani... Homa ya kifua ikamwangusha. Hospitali walijitahidi, lakini dawa iliyotakiwa haikuwepo. Mwaka ule hata dawa ya kikohozi ilikuwa ya kutafuta kwa tochi!

Mimi niliachiwa bila kesi. Nilitoka nikiwa nimejipanga maneno ya kumwambia. Getini nikamkuta Pendo peke yake. "Shikamoo, baba." Nikasema marahaba, mama yako yuko wapi? Alijibu kwa kichwa, kama mama yake zamani...

Alikuwa amefariki jana yake. Jana yake, Mungu wangu!

Msibani mgambo mmoja alishindwa na dhamira, akanivuta pembeni akaniambia aliyenichongea ni Naman. Ng'ombe alikuwa ameshawauza mnadani siku nyingi, wawili wawili, akijua sitauliza. Nilipowadai akaona ni heri mimi nipotee. Nilipomtafuta alikuwa ameshahama na familia yake, hadi leo.

Wasomaji wenzangu, nawasihi. Raha yako usiitangazie watu wenye njaa. Rafiki umpende, lakini ng'ombe ukawahesabu kwa macho yako. Na kama una mke unayetaka kumpeleka mahali akapumue, usingoje kisiwa. Mpeleke kesho. Mpeleke hata Bonga kwa miguu mkanunue miwa, mkae chini mcheke. Mimi niliyesema hakuna cha kunishangaza, nashangaa kila asubuhi kuona kitanda kipana namna ile.

Siku zile za msiba mama mkwe, mzee asiyeweza kusafiri tena, aliomba binti yake azikwe kwao, juu kule Mbulu. Landrova haikuwa na tone. Nikatafuta petroli kwa mlanguzi, sikubishana bei, nikampandisha mke wangu mlimani, mimi dereva. Debe moja. Shilingi elfu moja, mia mbili na arobaini.