Gobore la Mzee Damiano

Ukungu uliposhuka, darubini ya raifo ya Romanus haikuonyesha kitu tena ila weupe. Hapo alipaswa kuishusha bunduki. Alifyatua hivyo hivyo, kwa sababu nguruwe pori aliyemaliza viazi vya kijiji alikuwa mbele yake sasa hivi tu, na kwa sababu shemeji yake Odilo alikuwa anamtazama.

Risasi ilimjeruhi mnyama, haikumuua. Alichomoka kwenye miti ya miwati, akampita Romanus, akamvaa Odilo na kumchana paja kwa meno yake. Odilo alianguka chali. Akiwa pale chini aliuchomeka mdomo wa gobore lake ubavuni mwa nguruwe, akafyatua. Moshi ulipotawanyika mnyama alikuwa amekufa, na damu ya Odilo ilikuwa inapita katikati ya vidole vyake.

Romanus alichana shati lake, akalifunga paja juu ya jeraha na kulikaza kwa kijiti. Asubuhi mkewe Emerensiana, dada yake Odilo, alikuwa amemwambia neno moja tu: umrudishe kaka yangu.

"Maji yapo?" Odilo aliuliza.

"Kidogo. Kunywa yote."

Alimbeba mgongoni kuitafuta barabara ya Makambako walikoacha pikipiki. Alikwenda akiteleza, akijigonga kwenye mashina, manyunyu yakimlowesha mpaka mfupa. Alitembea mpaka miguu ikakataa, akajikwaa kwenye kitu laini. Alikuwa ni yule nguruwe wao. Romanus aliketi kando yake, akataka kulia.

"Basi tusizunguke tena," Odilo alisema. Midomo yake ilikuwa imepauka. "Nyumba za kina Fidelis ziko bondeni, hazipo mbali. Piga gobore, watakuja."

"Raifo inasikika mbali zaidi."

"Shemeji, piga gobore."

Romanus hakumsikiliza. Katika maisha yake alikuwa amemiliki bunduki tatu, na kwa hesabu yake kila moja iliishinda iliyoitangulia. Gobore alilirithi kwa baba yake, marehemu mzee Damiano. Lilikuwa likikohoa kwanza, likifikiri, ndipo lipige, na nguruwe mwenye akili alikuwa keshafika nyumbani kwake. Ikafuata shotigani iliyompiga bega mpaka akalala upande mmoja. Mwisho ikaja raifo, nyembamba, yenye darubini na kibali kipya, nayo ilimfanya atembee kifua mbele sokoni. Siku ile ile aliyoileta alimpa Odilo lile gobore huku akicheka, kama mtu anayegawa koti kuukuu.

Alipiga raifo juu. Mlio ulikatika mkali na kupotea. Alisubiri, akapiga tena, akapiga tena, mpaka risasi zikaisha. Bondeni mbwa alibweka, kisha hata mbwa akanyamaza. Kulikuwa na watu kule, walikuwa wamesikia, na hakuna aliyeitika.

Odilo alikuwa amefumba macho. Kopo lake la baruti lilikuwa limemwagika alipoanguka. Chini kabisa zilibaki chembe za kutosha mlio mmoja, na fataki ya kuiwashia ilikuwa moja. Romanus aliipumulia mikono ipate joto. Alimimina baruti, akashindilia kipande cha shati, akaipachika fataki. Akasema, "Baba, nisamehe," akafyatua.

Likakohoa. Likafikiri. Kisha likanguruma mpaka ardhi ikaitikia.

Haukupita muda, sauti zilipanda kutoka bondeni zikiita kwa salamu ya huko, "Kamwene! Kamwene!" Romanus aliitika mpaka sauti ikakauka. Fidelis alitokeza kwanza, nyuma yake wanaume wenye blanketi na miti ya kubebea.

"Nikawaambia hawa, hilo ni gobore la mzee Damiano, huyo ni mtu wetu," Fidelis alisema huku akimfunika Odilo. "Tungekuja mapema, ila kuna watu wana raifo humu msituni. Waliochukua ng'ombe wetu mwaka jana walikuja na raifo. Tumefunga milango, hata moto tumezima. Hamkuwaona?"

Romanus aliitazama bunduki begani mwake.

"Ni mimi," alisema.

Fidelis alishika mti wa mbele, wakateremka.

Lori la mbao liliwafikisha hospitali Makambako. Daktari alisema Odilo ataishi, ila mguu hautakuwa ule wa zamani. Emerensiana alifika na chupa ya uji, akakaa kitandani, akamshika kaka yake mkono. Halafu akamgeukia mumewe.

"Nani alifyatua kwenye ukungu?"

Odilo alijifanya amelala. Alikuwa anampa shemeji yake nafasi ya kusema uongo, na Romanus alilijua hilo, likamuuma kuliko kutukanwa.

"Ni mimi."

Emerensiana alimmiminia Odilo uji, akaufunika upoe taratibu. Halafu akalichukua gobore lililokuwa limeegemezwa ukutani, akaanza kulifuta matope kwa khanga yake.

"Hili nitarudi nalo nyumbani," alisema. "Hiyo nyingine, wewe ndiye utakayejua pa kuipeleka."