Jiwe la Amboni

Boksi lilikuwepo, jiwe halikuwepo. Inspekta Felicitas alilitikisa nje ya kituo kidogo cha polisi pale Kimara, likadondosha vumbi jeupe, basi.

Mlalamikaji, Mwalimu Sadallah wa jiografia, alikuwa amefura. Yeye na mkewe, Raudha, walikodi gari aina ya Noah na dereva kwenda kutembelea mapango ya Amboni, Tanga. Huko mwongoza watalii alimpa mwalimu kipande cha jiwe la chokaa, cheupe na laini, kilichoanguka chenyewe, akawaonyeshe wanafunzi wake. Kufika Kimara kimeyeyuka.

"Ni dereva huyu! Kawauzia waganga. Mtie ndani, afande!"

Dereva, Mashaka, alikuwa amefumbata funguo mkononi. Bosi wake alishampigia simu: akifunguliwa kesi tu, arudishe funguo za gari.

"Mlisimama wapi?" Felicitas alimuuliza.

"Segera tu, afande. Mie na braza tulishuka kula. Sista alibaki garini, alisema harufu ya kitunguu inamchefua."

"Boksi lilikuwa wapi?"

"Nyuma, pembeni yake."

Mwingine angeita wataalamu wa alama za vidole. Felicitas, mama wa watoto wanne, aliinama tu, akapapasa chini ya kiti cha nyuma cha Noah iliyoegeshwa hapo. Akatoka na kipande kidogo cheupe chenye alama za meno.

Akamgeukia Raudha, ambaye muda wote alikuwa ameziba mdomo kwa ncha ya mtandio.

"Mdogo wangu, lilikuwa na ladha gani?"

Raudha aliinamisha kichwa.

"Kama udongo uliopigwa na mvua, dada. Nilionja kidogo tu. Nikashindwa kuacha."

"Umekula jiwe langu?" Sadallah alimaka.

"Mbona hukusema," Felicitas alimbana, "mpaka huyu kijana anataka kupoteza kazi?"

Machozi yakamtoka Raudha. "Mimba mbili zimeshaharibika. Hii niliogopa kuitaja kabla haijatulia. Nisamehe, kaka Mashaka."

Sadallah alikaa chini palepale, kwenye kokoto.

Felicitas alifurahi kuliko siku yoyote aliyowahi kumtia mtu pingu, akajikaza asionekane.

"Kesho kliniki, na mawe basi. Na wewe mwalimu, mpigie bosi wake. Sasa hivi."

Sadallah alibonyeza simu.

"Bosi, Mashaka hana kosa. Mwizi tumempata." Akamtazama mkewe.

"Ni mwanangu. Bado hajazaliwa."