Majina Kumi na Moja kwenye Jedwali la Kina Mama

Mama zangu na dada zangu wapendwa, na ninyi kina baba mliokaa pale nyuma, haya nawaambia ili yasiwapate. Yaliipata nyumba ya Scolastika, mjane wa Kalangalala pale Geita mjini, nyumba ambayo ukipita nje ungesema ndani mna amani tupu.

Na asubuhi ile ya Jumamosi amani ilikuwepo. Scolastika alikuwa ametoka misa ya kwanza, ameketi kwenye mkeka uani anachambua mchele. Pembeni yake Chausiku alikuwa akimnyonyesha mwanawe. Mkono wa kushoto wa binti huyo haukunyooka. Mumewe, Masalu, mchimbaji mdogo wa almasi kule Songwa, aliuvunja kwa mpini wa sururu, akaapa kwamba siku akimkimbia atamtafuta mpaka ammalize. Chausiku akakimbia. Alikuwa na miezi miwili kwa Scolastika, na katika miezi hiyo hakutoka nje ya geti hata mara moja.

Hiyo ndiyo kazi waliyokuwa nayo kina mama wa kikundi cha Scolastika. Waliwaficha wanawake waliopigwa. Kulikuwa na kikundi kingine Songwa, na makubaliano yao yalikuwa mepesi: wa kule wafichwe huku, wa huku wafichwe kule, kwa sababu mtu hufichika vizuri mahali ambapo hana shangazi.

Basi Scolastika anachambua mchele, geti likagongwa. Alikuwa Mwigulu, mwenye mashine ya kusaga iliyo mbele ya nyumba, nyusi nyeupe kwa unga.

"Shikamoo, mayu, mama yangu. Jana kuna jamaa kaja mashineni, anaulizia geti la bluu nyuma ya mashine yangu. Nikamwambia mageti yapo ya kila rangi, hilo la bluu labda kaliota. Lako si ndilo lilikuwa la bluu zamani?"

Scolastika akasema ndiyo, zamani. Akamshukuru, akafunga geti, akaweka na komeo la chini ambalo hulifunga usiku tu.

Geti lake lilikuwa la kijani. Alilipaka wiki ya Pasaka kwa rangi iliyobaki kanisani. Sasa nani huyo anayemtafuta kwa rangi ambayo haipo?

Shaka ikimwingia mtu, ndugu zangu, haichagui njia. Ya kwake ilianzia kwa jirani, Generosa. Generosa ni mwanamke wa kuchungulia. Mara kaja kuomba chumvi, mara kaja kuuliza kama maji yanatoka, na macho yake hayakai. Halafu shaka hiyo hiyo ikarudi ndani, ikamkalia Chausiku. Akamuuliza, kwa sauti ambayo baadaye aliijutia, kama amempigia mtu yeyote wa kwao.

Chausiku akamtazama. "Kwa simu ipi, mama? Simu yangu uliichukua mwenyewe siku niliyofika. Na hilo geti la bluu nimelionea wapi? Mimi nimelikuta la kijani."

Ni kweli. Alifika baada ya Pasaka. Na Generosa, ambaye hupita pale kila siku ya Mungu, kama angesema angesema la kijani. Palibaki mahali pamoja tu ambapo geti lile lilikuwa bado la bluu. Scolastika akachukua simu yake, akavaa miwani, akafungua jedwali la kikundi. Akalikuta kwenye mstari wake, kwa maneno yake mwenyewe: *Geti la bluu, nyuma ya mashine ya kusaga ya Mwigulu.* Na mbele yake: *Chausiku, na mtoto.*

Hapo inabidi niwaeleze habari ya jedwali hilo. Zamani kila kitu kilikuwa kwenye daftari chini ya godoro la Scolastika. Kisha kikundi cha Songwa kikataka kuona nafasi zilizopo bila kupiga simu, na mkwewe Scolastika, Enock, mume wa binti yake, mwenye duka la kudurufu na kuchapa, akasema hilo ni dogo. Akalihamishia daftari mtandaoni, kwenye akaunti ya kikundi, kisha akaifungulia akaunti ya Songwa nayo ilione. Siku ile alitaja ruhusa tatu: kuona, kubadilisha na kugawa. Scolastika alitaka kuuliza hiyo ya kugawa ni ya kugawa nini. Hakuuliza. Kwa Wasukuma, mama mkwe hamkazii macho mkwewe wala hambani kwa maswali. Akiwa na neno hulipitisha kwa binti yake. Na siku ile binti hakuwepo. Mwaka ukapita, na heshima ikakaa mahali pa swali.

Basi asubuhi hiyo Scolastika alimwambia Chausiku asimfungulie mtu yeyote, akatoka kwa mlango wa nyuma. Bodaboda ikamfikisha dukani. Binti yake alikuwa amekwenda kliniki. Enock alipomwona mama mkwe amesimama mlangoni peke yake, akainuka na kuinamisha kichwa, akatafuta mahali pa kuweka mikono.

Scolastika akamkazia macho. "Enock baba, leo nisamehe. Fungua lile jedwali unionyeshe wote wanaoliona."

Enock akafungua. Scolastika alikuwa akijua majina mawili, lake na la Lusia, katibu wa Songwa. Akahesabu kwa kidole kwenye kioo. Yalikuwa kumi na moja.

Enock akayahesabu tena, yakatoka yale yale. Halafu akaeleza, akitazama meza, kwamba yeye aliipa akaunti ya Songwa ruhusa zote tatu, kwa kuwa Lusia alikuwa anapiga simu kila siku, mara hiki hakifunguki, mara kile. Aliona ampe kila kitu apumzike. Hakujua kwamba angewapa wengine.

Wakampigia Lusia. Lusia hakuwa na ubaya. Alisema simu yake ni ndogo, jedwali lilikuwa haliingii, basi akampa ruhusa mpwa wake Adam, fundi wa simu, amsaidie kulisoma. Naye Adam akawapa wenzake wa kibandani, maana siku nyingine yeye hayupo. Kompyuta ya pale hukaa wazi kutwa, na wachimbaji wote wa pale huleta simu zao kuchajiwa. Scolastika akauliza kama Masalu naye huchaji pale. Lusia akaanza kulia.

"Namtoa Lusia sasa hivi," Enock akasema, akabonyeza. "Tayari, mama. Ametoka."

"Na hao aliowapa?"

"Si wametoka naye?"

"Angalia, baba. Usinijibu kwa kudhani."

Akaangalia. Jina la Lusia halikuwepo. La Adam lilikuwepo, na mengine yote nyuma yake, yametulia kama wenye nyumba. Katika mfumo ule, ukimwondoa aliyegawa, waliogawiwa wanabaki. Enock akaanza kuwaondoa mmoja mmoja.

Alikuwa amefika jina la saba simu ya Scolastika ilipolia. Alikuwa Mwigulu, akinong'ona. Yule jamaa amerudi. Ameshika simu mkononi, anaisoma kama mtu anayesoma ramani, na sasa ameacha kuuliza rangi. Anahesabu mageti yaliyo nyuma ya mashine. Yapo matatu.

Fikirieni hali ya Scolastika. Chausiku hana simu. Geti limefungwa kwa amri ya Scolastika mwenyewe, asifunguliwe mtu yeyote. Aliyekuwa karibu, mwenye ukuta mmoja naye, alikuwa Generosa, yule ambaye Scolastika alimshuku asubuhi hiyo hiyo. Scolastika akafumba macho, akasema, Bwana, wewe ndiye unayejua watu wako. Akapiga.

"Generosa, uani kwangu kuna binti. Kuna mtu anakuja kumuua."

"Namjua huyo binti tangu siku ya kwanza," Generosa akajibu. "Usiku kitoto kinalia, na wewe una miaka sitini na mbili. Ulitaka nidhani umezaa? Hizo chumvi nilikuwa nakuja kuona kama mmeishiwa maziwa. Kata simu nifanye kazi."

Miezi miwili alijua, na hakumwambia hata mumewe. Aliweka ngazi kwenye ukuta, akamwita Chausiku kwa jina la mtoto, akampokea mtoto kwanza kisha mama. Mkono ule usionyooka ulimchelewesha juu ya ukuta. Wakati anashuka upande wa pili, geti la kijani lilikuwa linapigwa teke. Komeo la chini lilishika kidogo, kisha likang'oka. Masalu akaingia, akapindua vitanda, akaumwaga mchele wote uani. Kiunoni alikuwa na panga. Mwigulu na wateja wake wakamkuta humo, wakamshika mpaka polisi wakaja.

Lakini msishangilie mapema. Baada ya siku chache Masalu alitoka kwa dhamana, na nyumba ile alikuwa ameshaijua. Chausiku hakuweza kubaki. Alfajiri moja Generosa alimsindikiza kwenye basi la kwenda Chato. Kama alishukia Chato au alipita akaenda mbele zaidi, sijui, wala asiulizwe mtu.

Kabla hajaondoka, Scolastika alimfungia vitenge na maziwa ya mtoto, akamwomba radhi kwa kumshuku. Chausiku alimpigia magoti, akamwita mama. Kisha akasema neno ambalo Scolastika analibeba hadi leo.

"Huko niendako, mama, usiniandike."

Funzo

Siri ya mtu uliyoishika si yako ya kugawa kwa kuogopa usumbufu. Lusia alihitaji kujua kama kuna nafasi ya kulala, basi. Hakuhitaji geti wala jina la mtoto. Anayehitaji kuona, mpe kuona, na umpe kile kipande tu kinachomhusu. Ruhusa ya kuwagawia wengine usiitoe mpaka umejua utamuuliza nani yakiharibika. Na ukimwondoa mtu, usigeuke kwenda zako. Tazama nyuma yake aliacha nani.

Tena, ulizeni. Heshima ya mkwe ni nzuri na mimi nimelelewa nayo, lakini heshima inayomfunga mama mdomo wakati roho ya mtu imo mikononi mwake, hiyo Mungu hakuiagiza.

Siku hizi kila Ijumaa ya kwanza ya mwezi, baada ya rozari, Scolastika hukaa na Enock ana kwa ana, miwani usoni, wakayasoma majina kwa sauti. Yako mawili, lake na la Lusia, aliyerudishiwa kuona nafasi tu. Huyasoma hata hivyo. Na mstari uliokuwa na jina la Chausiku upo bado, mtupu; alikokwenda hakuna aliyepaandika.