Alama Iliyofutwa na Ramani-hai

Hivi wewe umewahi kuiona bahari imevuliwa maji yake, ukaitazama mpaka chini? Ndani ya manowari Songoro hilo lilikuwa jambo la kila siku. Katikati ya chumba cha usukani palikuwa na meza ya kioo, pana kama kitanda cha watu wawili, na juu yake ilisimama ramani-hai: milima ya chini ya bahari, mabonde na miamba, vyote vya mwanga wa buluu, na Songoro yenyewe ikitambaa juu yake, ndogo kama punje ya mpunga. Ramani-hai ilipima kina, ikachagua njia, ikageuza usukani bila mkono wa mtu. Na kila kitu kilicholala chini sana, kisichoweza kuigusa meli, ilikifuta, kisiwachoshe watu macho.

Sajini Mwanatumu Vuai yeye alitunza ramani za karatasi, zilizowekwa kwa tahadhari ya siku umeme ukizimika. Miaka kumi na tisa, kila Jumatatu, alizichorea masahihisho kwa wino wa zambarau, wino ule wa kupulizwa taratibu mpaka ukauke. Kesho, wakitia nanga, karatasi zingeshushwa, na yeye pamoja nazo.

"Mama Karatasi," Luteni Kaingu alimtania, "bado unasahihisha tu? Hizo si zinakwenda kufungiwa maandazi?"

"Ndiyo, afande. Nayo maandazi yasije yakapotea njia."

Wakacheka wote, hata Kapteni Malugu, ambaye si mtu wa kucheka ovyo.

Lakini kidole cha Mwanatumu kilikuwa juu ya alama moja ndogo kwenye kona iliyokuwa mbele yao, alama ya meli iliyozama. Hapo, mita tisini chini, ililala meli ya doria na watu wake kumi na wanne. Zamani kila manowari ikifika hapo ilipunguza mwendo, watu wakavua kofia. Hakuna aliyeikataza desturi ile. Ilikufa tu, tangu ramani-hai ilipoingia miaka sita iliyopita, maana manahodha wapya hawakuona pa kupunguzia. Naye Mwanatumu alinyamaza. Sajini atamwambiaje nahodha azuie meli nzima kwa jambo la nyumbani kwake?

"Njia ni nyeupe," ramani-hai ilisema. "Dakika nne kufika kona."

"Sajini, mbona kidole hakibanduki?" Kapteni alisogea. "Kuna nini hapo?"

"Meli iliyozama, afande."

Kapteni akaangalia kioo. Buluu tupu. "Mbona huku hakuna kitu?"

"Ipo, afande. Iko chini mno, haitudhuru."

"Sasa kama haitudhuru, wewe unataka nini, mama?"

Miaka yote sita hakuna aliyemuuliza hivyo. Mwanatumu akaweka kalamu chini, akafunga kizibo cha wino, akakikaza.

"Nataka tupunguze mwendo, afande," alisema. "Mume wangu yumo."