Mimi Si Dhambi ya Mtu

Jumamosi asubuhi, mashine zote katika londri moja ya kusini mwa Louisville, Amerika, zilikuwa zinazunguka. Watoto walikimbizana kati ya vikapu, akina mama wa Kikongo walikunja mashuka huku wakipiga soga kwa sauti ya kushindana na mashine, na hewa nzima ilinukia sabuni na nguo za moto. Azarias aliacha mfuniko wa mashine yake wazi akaenda kubadilisha noti apate sarafu. Aliporudi alikuta mfuniko umefungwa na maji yanaingia kwa kishindo.

Akaufunua. Maji yalikuwa mekundu. Katikati ya mashati meupe ya kwaya liliogelea gauni jekundu, limekunjua mikono yake mipana kama mwenye nyumba.

"Hii gauni ni ya nani?" akapaza sauti.

Msichana mrefu mwenye koti la jinzi na kilemba cha manjano akageuka. "Yangu. Na hiyo mashine ni yangu."

"Yako? Na mashati ya kwaya, nayo ni yako?"

Msichana akachungulia. Akaziba mdomo kwa mkono, lakini kicheko kilimtoka hata hivyo, kicheko kizito kilichofanya akina mama wageuke. "Samahani, kaka. Nilidhani iko tupu."

"Tupu! Kwaya nzima iko mule ndani! Bon, donc bamama ba kwaya niwaambie nini?"

"Waambie Mungu anapenda rangi."

Azarias alitaka kukasirika, ila sauti ile ilimzuia. Aliijua. Alikuwa akiisikiliza kwa sikio moja kila mapumziko ya kazi, amekaa juu ya makreti ghalani, na hakuwahi kumwambia mtu. "Weye ni Isaro," alisema taratibu. "Ule wa Uingereza."

"Na weye ni nani, mwenye mashati ya waridi?"

"Azarias. Mpiga gitaa."

"Gitaa!" Macho ya Isaro yakang'aa. "Mpiga gitaa wangu amerudi kwao juzi, mkewe anajifungua. Una nafasi?"

"Napigia kanisa tu," akajibu Azarias, akijisikia aibu bila kujua ni kwa nini.

Isaro Kabanyana alikuwa ametoka mbali hadi kufika kwenye londri ile. Alizaliwa milimani Kivu ya Kusini, akakulia kambini Uganda, kisha yeye na mama yake wakapelekwa Bolton, mji wa mvua kaskazini mwa Uingereza. Huko alianza kuimba kwenye kwaya ya kanisa dogo la Wakongo. Mchana alisoma, jioni aliogesha wazee katika nyumba ya kutunzia wazee, akiwaimbia nyimbo za zamani za watu weusi wa Amerika walizozipenda ujanani. Bibi mmoja alimrekodi kwa simu ya mjukuu wake, wimbo ukasambaa, na kampuni moja ya London ikamwita. Wakampenda sana, ila walitaka mambo mawili: ajiite Izzy, na kiitikio cha Kiswahili kiondolewe katika wimbo wake mkubwa.

"Kiitikio hicho ni maneno ya mama yangu," aliwaambia. "Na jina nililopewa sikuliomba kwenu."

Wakavunja mkataba. Akatengeneza albamu yake mwenyewe, na wimbo uleule, wenye kiitikio kilekile, ukapigwa redioni nchi nzima. Sasa, katika vuli ya mwaka 2015, alikuwa anaizunguka Amerika kwa gari dogo lililojaa spika.

Tangu siku ile ya londri, simu hazikulala.

"Umekula, roho yangu?"

"Chipsi za baridi, ndani ya gari."

"Muingereza kabisa!"

"Niite Muingereza tena, nitakuja nichovye na suruali za kwaya. Bamama wamesemaje?"

"Banasema nimeanzisha kwaya ya wapambe wa bibi harusi. Lakini mzee mmoja amesema rangi inampendeza, sasa hataki kuvua."

Isaro alicheka hadi dereva akamuuliza kama yuko salama.

Wiki iliyofuata kwaya ilialikwa kwenye mkutano wa makanisa Columbus, na Isaro naye alikuwa na onyesho huko, alasiri, katika bustani kando ya mto. Asubuhi yake shangazi wa Isaro aliwakaribisha wote wawili nyumbani kwake Reynoldsburg, nje kidogo ya Columbus. Aliwapakulia ugali na sombe ya majani ya muhogo, akamtazama Azarias kama anayekagua ng'ombe mnadani, kisha akasubiri atoke kunawa mikono.

"Kijana ni mzuri," alimnong'oneza Isaro. "Lakini kumbuka, mtoto wangu: mwimbaji wa dunia haolewi. Anasikilizwa tu."

"Basi nitaimba, Shangazi, mpaka anayenisikiliza asimame anioe."

"Kiburi hicho umekitoa wapi?"

"Kwako. Si mama alisema ulikataa wachumba mpaka wakaisha?"

Shangazi akampiga kofi la begani, akicheka bila kutaka.

Alasiri, Isaro alipanda jukwaani na gauni lake jekundu lililopauka kidogo. Alianza wimbo wa mama yake bila gitaa, sauti peke yake juu ya nyasi, juu ya mto, juu ya vichwa vya watu waliokaa kwenye mablanketi. Aliimba juu ya mwanamke aliyevuka mpaka na mtoto mgongoni, akamwambia mtoto: usilie, imba, wakitusikia wajue tu hai. Kwenye kiitikio Azarias alishindwa kukaa. Alipanda kutoka pembeni akiwa na shati lake la waridi, akachukua gitaa lililokuwa limeegemea spika, akapiga.

Alipiga kama anavyopiga Jumapili, kwa mtindo uleule wa kwao. Isaro hakugeuka, lakini kila mtu aliona mabega yake yakilegea, kama mtu aliyetua mzigo.

Kesho yake, kabla ya ibada ya mwisho ya mkutano, Azarias alipigiwa simu na Gisa, mpiga kinanda wa kwaya na rafiki yake.

"Kaka, uko kwenye WhatsApp ya kanisa nzima."

"Napiga vizuri?"

"Unapiga vizuri sana. Hiyo ndiyo shida."

Katika makanisa yao sheria ilikuwa inajulikana: mwanakwaya akipiga muziki wa dunia, anasimamishwa. Akitaka kurudi, anaitwa mbele Jumapili, anasimama mbele ya watu wote, anatubu kwa mdomo wake mwenyewe. Kisha mchungaji anamwombea na kanisa linapanga foleni kumpa mkono. Azarias alisimamishwa siku hiyohiyo. Wiki nzima aliporudi Louisville hakushika gitaa, na mchungaji wao, Rutebuka, akamwambia asimame mbele Jumapili.

"Utatubu?" Isaro alimuuliza kwenye simu. Sauti yake ilikuwa nyepesi mno.

"Nitasimama. Wakiniita lazima nisimame, Isaro. Kanisa hili lilinipokea uwanja wa ndege wakati sikuwa na hata koti."

"Sijakuuliza kama utasimama."

"Sijui nitasema nini. Huo ndio ukweli."

Jibu hilo lilimchoma Isaro kuliko alivyotaka kukiri. Yeye mwenyewe aliwahi kusimama mbele. Alikuwa msichana wa sekondari kule Bolton. Mtu alimwona akiimba kwenye sherehe ya walevi, akaitwa. Alitubu. Alisema kuwa sauti yake ilimpotosha, watu wakampa mkono mmoja mmoja, na alipofika nyumbani alitapika. Alimwapia mama yake kwamba hataiita tena sauti yake dhambi, wala hataishi na mtu anayeiita hivyo.

Jumapili alasiri, akiwa njiani kwenda Buffalo kwa onyesho lijalo, shangazi alimtumia picha iliyozunguka. Azarias amesimama mbele ya kanisa kwa suti nyeusi, ameinamisha kichwa, na mkono wa mchungaji uko begani kwake. Chini yake shangazi aliandika: *Amerudi nyumbani. Mungu asifiwe.*

Isaro aliitazama mpaka kioo kikazima. Kisha akamwandikia Azarias maneno machache, *Mimi si dhambi ya mtu*, akaifungia namba yake.

Azarias aliyasoma amesimama kati ya maboksi ghalani. Alipiga simu, haikuingia. Alipiga tena.

"Mwambie ilivyokuwa," Gisa alimwambia.

"Amenifungia."

"Amefunga simu. Barabara hajaifunga."

Siku ya onyesho Azarias aliomba ruhusa kazini, akaendesha gari tangu alfajiri. Alipita Columbus bila kusimama, akalifuata ziwa, na alipoingia Buffalo upepo wa ziwani ulikuwa unasukuma gari pembeni. Ukumbi ulikuwa ghala la zamani la nafaka, kuta za matofali zisizopigwa rangi. Isaro alikuwa jukwaani anajaribu vipaza sauti, amevaa sweta pana la kijivu, nywele zake bado hazijafungwa. Alimwona, akaendelea kuhesabu moja mbili, moja mbili, hadi fundi wa sauti akamwambia inatosha.

"Umekosea njia," alisema. "Kanisa haliko huku."

"Isaro..."

"Ulisimama. Ukainama. Nimeona. Najua namna mtu anavyoinama, Azarias, miye mwenyewe nimeinama hivyo! Mikono walikupa wangapi?"

"Hakuna aliyenipa mkono."

Isaro akamgeukia.

"Ukinisikiliza miye utasema najitetea," alisema Azarias. Akatoa simu, akabonyeza, akaiweka spika. Ililia muda mrefu.

"Haloo? Azarias? Uko wapi, kijana, mbona kuna mwangwi?"

"Mchungaji Rutebuka, niko Buffalo. Isaro ananisikia. Nakuomba umwambie jambo moja. Nilitubu?"

Mchungaji akavuta pumzi ndefu. "Hakutubu! Mbele ya kanisa lote, mbele ya wageni! Nimemuuliza, akanijibu: 'Mchungaji, nimelitafuta kosa siku zote hizi, sijaliona. Wimbo ule ni wa mama aliyevuka na mtoto, kama mama zetu hapa wote. Kama kuupigia gitaa ni dhambi, nitaifanya tena.' Tena! Nikamwambia, bon, basi niache nikuombee. Hapo ndipo aliinamisha kichwa. Mkaidi kama punda wa Uvira. Gitaa tumemnyang'anya."

Isaro alishika mguu wa kipaza sauti. Hakuwa anamtazama Azarias. Alitazama viatu vyake, vimejaa tope la barabarani.

"Na wewe binti," sauti ya simu iliendelea, "wimbo wenyewe ukoje? Miye nimeona picha tu, sauti sikuifungulia."

"Umehukumu wimbo hujausikia, Mchungaji?"

"Niliambiwa."

"Basi nyamaza usikie," alisema Isaro. Palepale, kwa sweta na nywele zake timtim, akaimba kiitikio cha mama yake kwenye simu iliyokuwa kiganjani mwa Azarias. Fundi wa sauti akaacha nyaya zake.

Alipomaliza, upande wa pili wa simu kiti kilisikika kikivutwa.

"Mama yangu," Mchungaji Rutebuka alisema hatimaye, sauti imeshuka, "alikuwa ananiziba mdomo. Wako alikwambia uimbe." Akakohoa. "Msimamo wa kanisa ni uleule. Harusi kama hiyo siwezi kuifungisha."

"Nani ametaja harusi?" Isaro akashtuka.

"Mtu haendeshi gari mpaka Buffalo kwa ajili ya kuitikia amina."

"Basi usipoifungisha wewe, ataifungisha mwingine, na wewe utakuja kula."

"Nitakuja kula," alisema Mchungaji, akakata.

Azarias alifungua mdomo.

"La," Isaro alimzuia kwa kidole. "Usiniulize hapa pembeni. Wimbo wangu uliusikiliza kwa kujificha, juu ya makreti, uliniambia mwenyewe. Kama una neno, lina kipaza sauti."

Jioni ile ukumbi ulijaa. Wanafunzi wa chuo walisimama mbele. Nyuma kabisa, wakiwa wamejibana ukutani, walikaa akina mama wa Kikongo kutoka Tonawanda, mji wa jirani, wengine bado na viatu vya kiwandani, waliokuja ingawa makanisani waliambiwa wasije. Katikati ya onyesho Isaro, akiwa amevaa kitenge cha dhahabu, alirudi nyuma hatua moja akaacha kipaza sauti wazi. Azarias alitoka gizani na gitaa la kuazima.

"Naitwa Azarias," alisema kwa Kiswahili, kwa sauti iliyokwaruza. "Sauti ya huyu mwanamke sitaizima, wala sitamruhusu mtu aizime. Mbele yenu wote namuomba akubali nimuoe."

Wanafunzi hawakuelewa kitu. Nyuma ya ukumbi vigelegele vilipasuka, na mama mmoja akapiga kelele, "Jibu, mwanangu, kesho tuko na kazi!"

Isaro alicheka kile kicheko chake kizito, machozi yakimtelemka, akaukaribia mdomo wa kipaza sauti.

"Ndiyo," alisema. Kisha akamgeukia Azarias. "Sasa piga gitaa, mume wangu. Watu wanangoja."