Simu ya Mpishi wa Meli

"Anasita! Mwanaume anayesita ana la kuficha!"

Msusi alirudia maneno yake ya kila siku mlangoni kwa jirani yake mshonaji, hata hodi hajapiga. Sanduku la mume wa mshonaji lilikuwa nje, limefungwa kamba.

"Nimemwuliza, 'Uko peke yako?'" mshonaji alifoka. "Kimya! Ndipo akasema, 'Ndiyo.' Miaka kumi na mbili ya ndoa! Nimemkatia simu. Akirudi, asiingie humu!"

"Si nilikwambia tangu mwezi jana?"

Mume huyo alikuwa mpishi wa meli, mbali baharini. Alipiga kwa simu ya melini.

Jirani mwingine, mwanamke fundi wa mitambo ya simu, akajikwaa kwenye sanduku. Alipoelezwa, akawaka.

"Mnavunja nyumba kwa nusu sekunde? Baharini hakuna mnara! Sauti yako inapanda hadi setilaiti, kilomita elfu thelathini na sita juu, kisha inashuka. Jibu nalo linapanda, linashuka. Safari yote ni kwa kasi ya nuru, na hata nuru hutumia muda."

"Si waongeze mwendo!" msusi akasema.

"Hauongezeki, shoga! Kwa sekunde moja nuru ingeizunguka dunia mara saba na nusu, na hakuna habari inayoipita. Kama ingewezekana kuipita, jibu lingeweza kufika kabla ya swali. Dada, unataka mumeo akujibu kabla hujamwuliza?"

"Hapo ndipo ningemtilia shaka," mshonaji akanung'unika.

Simu ikalia. Ni mume.

"Mwulize jambo lisilofichika," fundi akanong'ona.

"Mbili na mbili ni ngapi?"

Kimya. Kile kile.

"Nne! Mke wangu, unaumwa?"

"Siumwi. Na uko peke yako?"

Kimya. Safari hii mshonaji alisubiri bila hasira.

"Niko na vitunguu, gunia zima."

Alipoweka simu, alimgeukia msusi. "Mwezi mzima unanitia sumu!"

"Nilidhani nakusaidia, jirani."

"Basi saidia. Shika upande huo!"

Wakalirudisha sanduku ndani. Mshonaji akatenga sahani tatu. Msusi alibaki kizingitini, macho chini.

"Ingia ule!" mshonaji akamfokea. "Huo mdomo ukijaa chakula, angalau mtaa utapumua."