Karanga za Fungu la Tatu

Kila asubuhi, kabla ya kuvaa sare ya shule, Feza alikaa kwenye kizingiti cha jikoni, ungo magotini, akachambua karanga. Mafungu yalikuwa matatu. La kwanza, karanga nono zenye ngozi nyekundu, lilikwenda sokoni Kamembe. La pili, zilizovunjika, lilisagwa likauzwa unga. La tatu, zilizosinyaa na zile zenye ukungu wa kijani, lilibaki nyumbani. Mama yake, Maman Véronique, alizikaanga mpaka zikawa nyeusi, akazitwanga, akaungia sombe ya majani ya muhogo na uji wa Adrien, mdogo wake Feza, ambaye hakuwa ametimiza miaka mitatu.

Hiyo ndiyo sheria ya baba yao, Papa Buhendwa, tangu alipovuka mpaka kutoka Bukavu kuja kuchuuza upande huu. "Kizuri ni cha mteja," alisema. "Kibaya ni chetu." Soko zima lilimjua. Wanawake waliwapita wauzaji wa karibu wakamwendea yeye. Na kutupa chakula, kwake, ilikuwa dhambi. "Moto unaua kila kitu," alisema, akitafuna karanga chungu bila kukunja uso.

Mwaka huo mvua haikutaka kukatika. Magunia yalishika unyevu, fungu la tatu likayazidi mengine. Papa naye akakonda, tumbo likavimba, macho yakawa manjano. Mwisho akalazwa hospitalini.

Jumatatu moja, baada ya shule, Feza alimpelekea uji. Muuguzi Mukabalisa, mama mmoja mwenye sauti ya chini, alifunua bakuli akanusa.

"Umetia nini humu?"

"Karanga, Maman. Za nyumbani."

"Za nyumbani ndizo zipi?"

Feza akamweleza habari ya mafungu, hata kwa fahari kidogo. Mukabalisa akafunika bakuli, akamtoa nje wakaketi kwenye benchi.

"Ule ukungu una sumu," alisema. "Inaitwa sumukuvu. Ukikaanga, ukungu unakufa, lakini sumu inabaki."

"Mbona Papa amezila miaka mingi wala hakuumwa?"

"Sumu hii haina haraka, mwanangu. Sikiliza. Mwili wako umejengwa kwa chembe ndogo mno, na ndani ya kila chembe mna maandishi ya kuiambia ifanye kazi gani, izae lini, iache lini. Maandishi hayo ni DNA. Yana herufi nne tu, nayo yamepangwa kwenye nyuzi mbili zinazotazamana, kila herufi na mwenzake. Sasa sumu hii ikifika kwenye ini, ini lenyewe linajaribu kuivunja, na katika kuivunja linaiotesha makucha. Inaikamata herufi moja, inaiharibu sura."

"Haiwezi kubanduliwa?"

"Inaweza. Mwili una mafundi wake. Wakikuta herufi iliyoharibika wanakata kipande kile, wanasoma uzi wa pili unaokitazama, wanaandika upya. Hata hivi tunavyoongea wako kazini ndani yako. Lakini chembe ikitaka kuzaa, hunakili maandishi yote. Ikinakili kabla mafundi hawajafika, herufi iliyoharibika inasomwa vibaya, na mbele yake inaandikwa herufi isiyo yake. Chembe ikizaa tena, nyuzi zote mbili zinakubaliana katika kosa lile. Fundi akipita haoni kasoro yoyote. Kosa limekuwa la kudumu."

Feza akauliza, "Na Papa?"

"Makosa mengi yakirundikana, mengine huangukia mahali palipoandikwa 'acha kuzaa'. Hapo chembe hazikomi, na uvimbe unaanza. Papa yako ana pia virusi vya homa ya ini. Hivyo viwili vikikutana ini halina bahati. Siwezi kukuambia kipi kilitangulia."

"Mafundi watamtengeneza?"

Mukabalisa alitazama viganja vyake. "Yeye, hapana. Wamezidiwa. Lakini nyumbani kuna mtoto, sivyo? Mwambie mama yako leo."

Feza hakumwambia. Angeanzaje? Angemwambia mama yake kwamba Papa, muntu asiyemdhulumu mteja hata punje moja, alikuwa akiwalisha watoto wake sumu? Jumanne alichambua, akamtazama Adrien akilamba kijiko. Jumatano vilevile.

Nasiba, binti wa fundi cherehani jirani, alimkuta hapo kizingitini. "Mbona unachambua kama muntu anayechimba kaburi?"

Feza akamwambia yote. Nasiba aliacha utani.

"Sasa wewe unamwogopa nani," akauliza, "baba aliyelala kitandani au mtoto anayekula?"

Alhamisi asubuhi Feza alimnyang'anya Adrien bakuli. Mtoto akaangua kilio.

"We Feza, una wazimu?" Maman Véronique alikuwa na mwiko mkononi.

Feza akasema maneno yote ya muuguzi. Mama yake aliketi taratibu juu ya gunia. Akakaa hivyo mpaka Adrien alipochoka kulia.

"Sheria ni ya Papa yako," alisema mwishoni. "Twende umwambie mwenyewe."

Papa Buhendwa alisikiliza akiwa amegeukia ukuta. Feza alipomaliza, mgonjwa wa kitanda cha pili alikohoa, akajifanya amelala.

"Zile za ukungu, singemuuzia muntu hata siku moja," Papa alisema. "Hata adui yangu." Akavuta pumzi. "Kumbe na sisi tuko batu."

Véronique akamshika mguu juu ya blanketi.

"Chimbeni shimo," Papa akaendelea, "mzifukie na majivu. Kuku wasipewe, tunakula mayai yao. Na gunia likija na unyevu, mlirudishe kulikotoka. Feza, usilie. Kuambiwa na wewe ni afadhali kuliko kuambiwa na mwingine."

Siku hiyohiyo walifukia magunia mawili. Papa hakumaliza mwezi.

Baada ya matanga, Maman Véronique alianza kuchambua karanga pamoja na binti yake. Sasa mafungu yalikuwa mawili, na debe la za kutupa. Asubuhi moja Feza akauliza, "Maman, kama ningesema ile Jumatatu?"

"Papa yako asingepona." Mama hakuinua macho. "Ila Adrien angekula siku tatu pungufu. Mimi nilimlisha kwa kutojua. Wewe ulijua. Muuguzi anasema mwili wake mdogo utajitengeneza tusipouzidishia kazi, na mimi naomba iwe hivyo. Lakini hizo siku tatu usizisahau. Ukiona jambo linadhuru batu, liseme siku ileile, hata kama litamwaibisha unayempenda. Kosa likiwahiwa hurekebishwa. Likiachwa, huzaa."

"Ndiyo, Maman."

"Haya, kavae sare. Utachelewa."